Mwaka Tuliorekodi Ndani ya Ndiva

Siku ya tatu baada ya kumzika Yonazi, mpwa wake Neema alinikabidhi daftari na kalamu, akaniomba nimwandikie jinsi mama yake alivyokuwa akiimba. Tulikuwa sebuleni kwa marehemu, huku Vudee milimani Upare, viti vya matanga bado vimepangwa ukutani, na mimi nilikuwa na sahani ya ndizi mapajani. "Mama Gadi, wewe ndiye umebaki," aliniambia. "Vijana wa Dar wanataka maneno machache ya kuweka nyuma ya jalada la albamu. Mama alikuwa anasimamaje akiimba? Alikuwa anafumba macho?" Nikamwambia, ngoja kwanza nimeze, mwanangu. Kwa kweli mdomoni sikuwa na kitu. Mama yake, Elinaike, hakuimba hata wimbo mmoja katika albamu ile. Sauti ya mwanamke inayosikika katika nyimbo zote saba ni yangu, mimi Nakijwa, muuguzi mstaafu wa Same na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Nimeificha tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu mwenyewe haijui.

Niseme ukweli kabla sijaonekana mtu mwema. Nilipopanda mlima kuja msibani nilikuja na machozi, lakini nilikuja na tamaa pia. Mwanangu Gadi alikuwa ameniambia kwamba kuna vijana Dar wamepata kaseti ya zamani iliyorekodiwa Upare, wanataka kuitoa upya kwa santuri na kwenye mtandao. Wanauita muziki wenyewe roki ya saikedeliki, na wanauliza huyo mwanamke anayeimba ni nani. Sikumwambia kitu, ila niliingia chumbani nikajitazama kwenye kioo, bibi wa miaka sitini na kitu, nikacheka peke yangu. Nilikusudia kwamba baada ya mazishi nimwite Neema pembeni nimweleze. Halafu siku ya maziko, tukiwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba, nikamsikia akiwasimulia wanawake wenzake. Mama yake alifariki siku tisa baada ya kumzaa. Hakuacha picha. Mjomba Yonazi alimchukua akamlea Morogoro, na alipokuwa na miaka mitano akamwekea kaseti, akamwambia, "Huyo ni mama." Kila siku ya kuzaliwa kwake waliisikiliza wawili. Amewalaza watoto wake kwa sauti hiyo. Nikaendelea kumenya ndizi, na kisu kikanikata kidole.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule uliofuata vita, sabuni adimu, sukari kwa foleni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikisubiri kwenda chuo cha uuguzi, na kwenda huko kulihitaji barua ya mchungaji kuthibitisha mwenendo wangu. Hapo ndipo maisha yangu yote yalipokuwa yananing'inia. Binti aliyetengwa na usharika kwa kuimba muziki wa kidunia hakupata barua, na asiyepata barua alirudi kuchuma kahawa hadi atokee mwanamume wa kumchumbia. Yonazi alikuwa na miaka ishirini na minne. Alitengeneza redio za watu, na alikuwa amerithi kasha la santuri kutoka kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyefundisha sekondari kisha akarudi kwao. Santuri hizo zilikuwa na majalada ya rangi zinazoumiza macho, watu wenye nywele ndefu na maua yanayoyeyuka. Tulidhani ndiyo habari mpya ya ulimwengu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba tulichelewa, kwamba hata huko ulikotoka muziki ule ulikuwa umeshachujuka na wenyewe wamenyoa. Kwa hiyo tulikuwa tunaiga mambo ya kale bila kujua, na leo vijana wanatupenda kwa sababu ya ukale huo huo. Ukikaa sana duniani utaitwa wa kisasa.

Tulifanyia mazoezi katika stoo ya kahawa ya mama yake Yonazi, chumba cha mawe chenye dirisha moja dogo. Ukutani tulitundika magunia ili sauti isitoke nje, na ilitoka vilevile. Kulikuwa na harufu ya kahawa kavu, panya na mafuta ya taa. Umeme haukuwepo. Kassimu, mpiga ngoma wetu, alizaliwa kwenye kambi ya mkonge huko tambarare, baba yake mtu wa Kigoma; yeye alikuwa utingo wa lori Hedaru, na kila wiki ya pili alipanda na betri ya lori begani akilalamika kwamba Wapare walijenga mbali na dunia. Betri hiyo iliendesha amplifaya iliyostaafu shuleni. Yonazi alichana karatasi ya spika kwa wembe, chale tatu, ili gita likorome, na lilikoroma kweli. Alipopiga noti moja iliendelea kuzunguka humo ndani kana kwamba inatafuta mlango. Mimi sikujua kuimba muziki wa namna hiyo, nikaimba nilivyofundishwa kwaya, sauti iliyonyooka, bila madoido, juu ya makelele yale. Yonazi akaacha kupiga. "Hivyo hivyo," akasema. "Usibadilishe kitu." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo kabla, na hata baadaye waliolisema ni wachache.

Nayakumbuka zaidi maneno yaliyopenya ukutani kuliko nyimbo zenyewe. Jiko lilipakana na stoo, na tukipumzika tulisikia yote yaliyosemwa humo. "Hilo gita linaumwa nini?" mama yake Yonazi aliuliza siku moja, na Elinaike, dada yake Yonazi, akajibu, "Linaumwa mapenzi, mama. Ngoja tupike, litapona." Elinaike alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa mwembamba mwenye ulimi, akiniita wifi mbele ya watu ili nione aibu, na mimi niliona aibu kwelikweli kwa sababu nilitamani iwe hivyo. Haikuwa. Yonazi alimpenda kila mtu kwa kiasi kimoja, na gita zaidi kidogo. Lakini kila ilipofika saa saba mchana Elinaike aligonga ukuta kwa mwiko, tukatoka tukala makande yake yaliyoungwa kwa karanga, na tulipokula alituuliza nyimbo zetu zina maana gani, tukashindwa kumjibu. Kuimba hakujua kabisa. Mama yake alikuwa akimwambia hata mbuzi wana heri. Ndiyo maana niliposikia kwamba Yonazi alimfanya mwimbaji, nilitaka kucheka katikati ya msiba.

Kufikia mwezi wa tisa tulikuwa tumerekodi nyimbo sita kwa redio kaseti iliyopita njia za panya kutoka Taveta. Ulibaki wa saba, mrefu kuliko yote, unaohusu ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo babu zetu walijenga mlimani; maji ya kijito huingia usiku kucha, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Maneno yalikuwa machache: maji yamelala juu ya mlima, nani atayaamsha. Ndiva ya chini ilikuwa imekauka mwaka huo, mlango wake umevunjika, na Yonazi alikuwa amepiga kofi ndani yake akasikia likirudi mara mbili. Akasema wimbo utarekodiwa mle. Halafu akasema uanze kwa pembe. Alimaanisha pembe ya msaragambo.

Hapa ndipo ujinga wetu ulipotuzidi. Msaragambo ni kazi ya pamoja, na pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu, awe anakula, awe anaoga. Asiyetokea hutozwa faini. Pembe hiyo ilitunzwa nyumbani kwetu kwa sababu babu ndiye alikuwa mzee wa mfereji, na mwanamke hakuigusa. Niliitoa nimeifunga kwenye kanga chini ya mzigo wa majani ya ng'ombe. Tulikubaliana kwamba ipigwe kidogo tu, kwa upole, na tulijiaminisha kwamba ndani ya shimo sauti haitafika mbali. Yonazi alipuliza ikatoa pumzi tupu. Kassimu alipuliza ikatoa kitu ambacho siwezi kukiandika. Nikawanyang'anya. Mimi nilikuwa na mapafu ya kwaya, na nilikuwa na kiburi. Nikapuliza mara tatu kama nilivyomsikia babu akifanya, na ndiva ikaikusanya sauti ile yote ikairusha juu, mlima wa pili ukaitikia. Tulisimama tukaangaliana. Ilikuwa saa nne asubuhi. Pembe inayolia saa nne asubuhi bila kutangazwa jana yake huwa na maana moja tu, kwamba ndiva ya juu imepasuka na maji yanakuja.

Walikuja wote. Wanaume walikuja mbio na majembe na vigogo vya migomba vya kuzibia, wanawake na mabeseni na vikapu vya kahawa mgongoni, mzee mmoja na sabuni usoni, sabuni ile adimu. Walifika ukingoni wakatukuta vijana watatu, gita, betri ya lori na redio ambayo kanda yake bado inazunguka. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Elinaike naye alifika, mimba ya miezi minane, akashuka hadi chini taratibu akishika kiuno, akasimama karibu kabisa na kipaza sauti cha redio akatoa malalamiko yake kwa Chasu, lugha yetu Wapare, hadi watu wakaanza kucheka. Babu hakucheka. Aliuliza, "Nani amepiga?" Niliangalia miguu yangu. Niliiona barua ya mchungaji, niliiona sare nyeupe ya uuguzi. Yonazi akasema, "Ni mimi, babu." Babu aliniangalia midomo, ambayo najua ilikuwa na alama ya mviringo, kisha akamwangalia Yonazi kwa muda mrefu. Akasema pembe hailii bure. Aliyeita watu aoneshe kazi.

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, na ningetegemea ile ifike mahakamani na watoto wetu wairithi. Badala yake babu alielekeza fimbo kwenye tope la ndiva, lililojaa hadi kimo cha magoti, na watu wakaanza kuchimba. Walinung'unika kwanza, halafu wanawake wakaanzisha wimbo wa kazi, na Yonazi, ambaye hakuwa na aibu hata chembe, akauliza kama anaruhusiwa kupiga huku wakichimba. Watu waliendelea kuchimba. Akapiga. Kassimu akafuata mapigo ya majembe. Mimi nikaimba maneno yangu juu ya yote hayo, nikiwa nimejitanda kanga hadi machoni, nikidhani watu watafikiri sauti inatoka kwingine. Waliniona, bila shaka. Vudee walijua wakanyamaza, na hilo nalo ni deni ambalo sijui nimlipe nani. Wimbo ule ni wa dakika kumi na mbili kwa sababu upande wa kaseti uliishia hapo. Yonazi aliadhibiwa kuchimba peke yake siku sita zaidi. Nilimpelekea maji ya kunywa siku moja tu, nikiogopa kuonekana.

Barua niliipata. Siku ya kuondoka nilipita stoo kumuaga, na Yonazi alikuwa akinakili kaseti moja moja, akiandika majina kwenye vikaratasi. Aliniuliza, "Mwimbaji niandike nani?" Nikamwambia, "Andika yeyote. Mtu yeyote, ila si mimi." Nilisema kwa ukali, kama mtu anayefukuza kuku. Akaitikia kwa kichwa akasema jina langu halitatoka mdomoni mwake. Elinaike alijifungua wiki iliyofuata. Nikiwa chuoni nikapata habari kwamba amefariki, nikalia, na siku hiyo hiyo nilihudhuria somo langu la kwanza la ukunga. Sikurudi kumzika.

Nilimaliza ndizi zangu nikaamua kunyamaza. Naomba nieleweke, nilijiona mwungwana. Yonazi alikuwa amesema uongo mara mbili kwa ajili yangu, na ule wa pili ulikuwa umempa yatima mama. Sauti hii imenisaidia nini miaka yote hiyo? Acha awe nayo. Nikashika kalamu nikaandika kwamba Elinaike alisimama wima akiimba, na kwamba alifumba macho. Ilikuwa kweli kuhusu mtu, si kuhusu mtu huyo. Neema alisoma, akalia kidogo, akanibusu mkono. "Nikusikilizishe, mama," akasema. "Vijana wamefanya kazi nzuri. Ile kaseti ilikuwa na makelele sana, hasa wimbo wa mwisho. Watu wanapiga kelele, vyuma vinagonga, kuna mtu anabwata kabisa mwanzoni. Nimewaomba wayaondoe yote ili nimsikie mama peke yake."

Akabonyeza simu. Pembe ililia mara tatu, safi. Halafu pakawa kimya, kimya kikubwa kilichofagiliwa, na gita likaingia, na msichana wa miaka kumi na tisa akaimba kwamba maji yamelala juu ya mlima. Sitadanganya, ilikuwa nzuri. Sikuwahi kuisikia sauti yangu ikiwa peke yake, na kwa dakika nzima niliipenda. Ndipo nikaelewa kilichofagiliwa. Mwanamke aliyesimama karibu na kipaza sauti akibwata kwa Chasu, yule ambaye Neema mwenyewe aliomba aondolewe, ndiye mama yake. Hakuna pengine popote duniani alipobaki.

Nikamwambia azime. Nikamwambia yote, vibaya, bila mpangilio, nikianzia katikati: pembe, barua, maneno niliyosema stoo. Nikachana ukurasa niliouandika. Neema hakulia. Alinitazama kama mtu anayetazama mwizi ambaye bado ameshika kitu mkononi. "Nina miaka arobaini na kitu," akasema. "Nimezaa watoto watatu nikisikiliza sauti yako. Ulikuwa Same, mama. Basi moja tu kutoka Morogoro. Ulishindwa nini?" Nikasema niliogopa, na baadaye nilizoea. Aliinuka akatoka uani, akakaa huko muda wa kutosha chai yangu kupoa. Niliposikia anarudi nilijiandaa kufukuzwa, na ningeondoka.

Alikuja na redio ya mjomba wake, ile ya kaseti, akaiweka mezani na kanda yenyewe ndani. "Nioneshe," akasema. Nikapeleka mbele nikapitiliza, nikarudisha. Pembe ikalia mara tatu, na safari hii baada yake kulikuwa na miguu ya watu, mbwa, mtoto akiuliza kitu, na karibu kabisa, mwanamke anayehema, mwenye sauti nyembamba ya puani, akifoka. Neema aliinama hadi shavu likagusa spika. Amekulia Morogoro, Chasu hajui. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno. "Anasema: nani ameniita na tumbo hili? Nimeacha makande motoni. Yakiungua, huyu mtoto atazaliwa na njaa, na akizaliwa na njaa nitawaletea ninyi mumlee, maana ni mkorofi tangu jana, amenipiga mateke hadi sikulala."

Alinifanya nirudie mara nne. Kisha akapiga simu Dar, sauti yake haijatulia, akawaambia warudishe kila kitu walichokiondoa. Kijana wa upande wa pili akajaribu kueleza kuhusu ubora, Neema akamwacha amalize, akamwambia tena. Kijana akauliza kama jina la mwimbaji libaki lile lile. Neema akanipa simu bila kuniangalia, na nikalitaja jina langu, la kwanza na la ukoo, polepole ili aandike. Lilinitoka kwa shida, mbele ya yatima wa Elinaike, na sikujisikia fahari niliyoitarajia.

Neema akachukua simu yake, akapangusa uso kwa kanga. Alikaa akiitazama redio. "Na hayo makande," akaniuliza, "yaliungua?"

"Yaliungua," nikamwambia. "Tuliletewa tukayala hivyo hivyo pale pale kwenye tope, na mama yako alikula sahani mbili. Ya pili alisema ni yako."